Mwaka Tuliolibeba Josho kwa Madebe

Vijana wa Siakago, wiki jana niliwasikia mkilalamika nje ya duka la dawa za kilimo. Ile dawa mliyozoea kupigia nyanya imepigwa marufuku, na mwenye duka amesema hata mkimpigia magoti hana. Mjukuu wangu Njeru alikuwa kati yenu. Alirudi nyumbani akakalia pampu yake ya mgongoni pale uani, mikono mashavuni, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Guka," akaniambia, "hii serikali inataka tukule nini? Hio dawa ilikuwa inafanya kazi. Mdudu akiinusa tu, kwisha. Sasa ati inaharibu maji, ati inaua nyuki, ati ni mbaya kwa mwili. Kwani nyuki ndio watanilipia karo?"

Sikumkaripia. Maneno hayo niliyasikia kabla baba yake hajazaliwa, na mimi mwenyewe niliwahi kulia mwaka ambao dawa ilipigwa marufuku. Sikuililia dawa. Nilililia kitu kingine, na hicho ndicho nataka kuwasimulia. Najua hamjaniuliza, lakini mtu akishastaafu huwa hasubiri kuulizwa.

Mimi nilikuwa mtu wa josho. Lile shimo refu la simenti pale juu ya korongo, ambalo siku hizi mbuzi hulala ndani na nyinyi huenda kuvutia sigara mkidhani hatuoni moshi, ndilo lililonilisha. Lilikuwa limejaa maji yenye dawa, kina chake kikimpita mtu mzima. Kila Alhamisi ng'ombe wa pande zote walikuja, wakapita mmoja mmoja katikati ya mbao, wakaruka, wakaogelea pua zikiwa juu, wakatokea upande wa pili kwenye ngazi, kisha wakasimama kwenye sakafu mpaka maji yawachuruzike. Kupe waliojificha masikioni na chini ya mkia walikufa wote. Bila josho, ndigana, ile homa inayoletwa na kupe, ingemaliza ndama, na kwetu Mbeere mtu asiye na mfugo alikuwa wa kuhurumiwa.

Lakini Alhamisi haikuwa siku ya ng'ombe peke yao. Wazee walimalizia kesi zao pale kwenye kivuli cha banda. Wanawake walileta uji wa mtama wakauza. Mtu akitaka kujua nani amejifungua, nani amehamia Embu mjini, nani anatafuta mke, aliswaga hata mbuzi mmoja aje naye josho ili apate sababu. Siku hizi kila mtu ana pampu yake na ng'ombe wake mmoja nyuma ya nyumba, anampulizia dawa peke yake asubuhi, halafu anaingia ndani kutazama simu. Kupe wanakufa vilevile. Lakini Alhamisi ikifika mimi bado hujikuta nimevaa kofia, nimeshika fimbo, na sijui ninakwenda wapi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ngari. Kabla ya uhuru alishika josho la mzungu mmoja upande wa Timau, akarudi nyumbani na koti la baridi, kikohozi, na maarifa mengi. Kitu cha kwanza alichonipa ni fimbo yenye alama za kisu, ya kupimia kina. Mvua ikinyesha, maji hupanda na dawa hupungua nguvu. Ng'ombe wakitoka, kila mmoja huondoka na kiasi chake mwilini. Lazima upime, ujue umebakiwa na nini.

"Josho ni kama chai ya wageni," aliniambia. "Ukiongeza maji, ongeza majani. Usipoongeza watakunywa, lakini watakusema njiani."

Kitu cha pili ni ng'ombe wa kukoroga. Dawa ikikaa tangu Alhamisi hadi Alhamisi huzama chini, kwa hiyo ng'ombe wa kwanza kuruka ndio huivuruga kwa miguu yao. Hao wa kwanza hutoka na dawa kidogo mno au nyingi mno, na hakuna mtu aliyetaka wake wawe wa kwanza. Nimeona wazee wazima wakijifanya wanafunga viatu ili wapitwe. Basi desturi ya Mzee Ngari ilikuwa kwamba anayeshika josho huanza na ng'ombe wake mwenyewe, halafu watu wakishamaliza huwarudisha tena ndani pamoja na wa mwisho. "Mpishi asiyeonja, usile kwake," alisema. Nami kila Alhamisi niliwatanguliza ng'ombe wawili wa mama yangu, na baadaye mtamba wangu mmoja, ambaye mtamsikia.

Dawa yenyewe ilikuwa nzito, ya rangi ya asali, na ukiimimina majini iligeuka nyeupe kama maziwa. Harufu yake, jamani, ilikuwa nzuri. Ilinukia kama mbao mbichi za paini. Hata leo nikienda Kanja kumwona binti yangu aliyeolewa huko, tukipita mahali wanapopasua mbao, miguu yangu husimama yenyewe. Nyanya yenu Marigu ananijua. Huwa ananiambia, "Haya, nusa umalize, mimi natangulia." Anaijua habari hii tangu nilipomwoa, na wivu wake uliisha zamani, ila kunitania hajaacha.

Mwaka wangu wa kwanza nilianguka ndani. Fahali wa Mzee Namu, mwenyekiti wa kamati ya josho, alikataa kuruka. Nikamsukuma kwa bega, nikamtukana, nikamsukuma tena. Yeye akaamua kuruka wakati mimi nimemwegemea, tukaingia pamoja. Mzee Ngari alinivua kwa ule mti wenye ndoano tuliotumia kuwainulia ndama wanaozama, akanishika ukosi wa shati, akanivua nguo zote mbele ya watu na kunisugua kwa sabuni ya mche tangu nywele hadi vidole vya miguu. Akasugua tena na tena, na mimi nikilia kwamba inatosha. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja tu aligeukia pembeni, akaziba mdomo kwa leso, akacheka kwa adabu. Huyo alikuwa Wambeti, binti ya Mzee Ireri wa kule chini mtoni. Aibu niliyoipata siku hiyo singeibadilisha na kitu chochote, maana ndiyo siku aliyonijua.

Tulipobaki wawili, Mzee Ngari aliniambia neno ambalo hata leo nawaambia wenye pampu. "Kijana, hii dawa haichagui. Usidhani inamchukia kupe. Kupe ni mdogo tu, ndiyo maana anakufa haraka."

Watu hawakumwamini. Walikuja na chupa. Huyu anataka kidogo ya chawa wa mtoto, yule ya kuhifadhia maharagwe, mwingine ya funza wa miguuni. Mzee Ngari aliwakatalia wote, wakamwita mchoyo. Debe la dawa likiisha alilitoboa matundu kwa msumari hapohapo, ili mama asije akalibeba kwenda kuchotea maji. Kulikuwa na rundo la madebe yaliyojaa matundu nyuma ya banda, nayo yalipigwa na upepo yakalia kama filimbi. Watu walisema mzee amerukwa na akili, anaharibu debe zima zuri.

Halafu kulikuwa na wale vijana wanne walioiba mabaki ya dawa wakayamwaga katika dimbwi la mto Thuci. Samaki walielea tumbo juu, wakubwa kwa wadogo. Waliwaokota kwa makarai, wakachoma, wakala, na mbwa wakala vichwa. Mbwa walikufa kabla jua halijatua. Vijana walitapika, wakaanza kutetemeka mwili mzima huku meno yameumana, na ilibidi wabebwe kwa machela hadi hospitali. Walipona, Mungu akiwa upande wao. Nilikwenda na Mzee Ngari kuliangalia lile dimbwi. Vyura walikuwa kimya. Ndege mmoja mvuvi, yule mwenye rangi ya buluu, alikuwa amelala kwenye mchanga, samaki bado yumo mdomoni.

Sasa nirudi kwa Wambeti.

Baba yake, Mzee Ireri, alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipeleka mbuzi wa posa, nikapeleka asali, na mwisho akapanda mwenyewe hadi zizini kwetu kuchagua ng'ombe. Akamzunguka mtamba wangu, mwekundu mwenye doa jeupe begani. Akamshika mgongo, akamfungua mdomo. Akasema, "Huyu. Nina watoto wadogo nyumbani na mama yao ni mgonjwa, nataka maziwa. Mimba yake ikishaonekana, mlete. Siku atakayoingia zizini kwangu, Wambeti atatoka."

Tangu siku hiyo nilimtazama yule mtamba kwa macho mengine. Nilimtafutia majani mabichi hadi kwenye mashamba ya watu. Wambeti alipokuwa akipita kwenda sokoni alisimama nje ya zizi akamuuliza, "Habari ya nyumbani kwetu?" Alimuuliza mtamba, si mimi. Nilikuwa na umri kama wenu, na nilidhani mambo mazuri yakianza kuja huwa hayageuki.

Ndipo amri ikaja. Daktari wa mifugo alifika na Landrova, watu wakaitwa barazani, akatusomea. Ile dawa ya josho imepigwa marufuku. Inaua samaki na ndege, inakaa ardhini miaka na miaka, inaingia katika mafuta ya nyama na katika maziwa, na inaweza kumdhuru mtu pole pole bila yeye kujua. Majosho yote yenye dawa hiyo yamwagwe mbali na maji, yasafishwe, ndipo dawa mpya iletwe.

"Daktari," akauliza mzee mmoja, "kwani sisi tunaogesha samaki?"

Watu wakacheka. Mzee Namu, mwenyekiti, hakucheka. Alikuwa na ng'ombe wengi kuliko sisi wote. "Hii dawa ndiyo imelea ng'ombe zetu," akasema. "Leo imekuwa adui?" Daktari akamjibu kwa upole kwamba hata yeye aliitumia kwa baba yake, lakini yaliyojulikana yameshajulikana. Kisha akapanda gari akaenda kwenye baraza nyingine. Hakutuachia pampu wala lori la kubebea. Nadhani hata yeye hakupewa.

Josho likafungwa. Wiki ya kwanza watu walivumilia. Wiki iliyofuata kupe walikuwa wameshaning'inia masikioni mwa ng'ombe kama zabibu, na ndama wakaanza kufa. Mimi nilimtoa kupe mtamba wangu kwa mkono. Jioni moja nikiwa nimepiga magoti chini ya shingo yake, nilisikia mtu anapiga magoti upande wa pili. Alikuwa Wambeti, na kigae chenye makaa.

"Hio ni mahari yangu," akasema. "Wacha niitunze mwenyewe."

Tangu hapo alikuja kila jioni kabla ya giza, na dada yake mdogo wa kumsindikiza. Alinifundisha kumkamata kupe karibu na ngozi na kumzungusha, asikatike kichwa kikabaki. Tuliwatupa kwenye makaa, wakapasuka kama bisi. Vidole vyetu vilikutana kwenye manyoya ya yule mtamba, tukasema samahani, vikakutana tena. Nimepanda ndege mara moja maishani, nimeona wajukuu, nimekula vya sherehe. Lakini mkiniuliza ni saa zipi ningependa zirudi, nitawaambia ni zile, tukiwa magotini kwenye samadi tukiua kupe.

Kamati ikaitwa. Mzee Namu akasema hivi: "Dawa mpya iko tayari Embu, inangoja josho tupu. Tuchimbe mfereji kutoka hapa mpaka korongoni. Asubuhi moja tu. Saa nne dawa yote imekwenda, kesho yake gari linakuja, na ng'ombe zetu zinapona."

"Na watu wa chini?" Mzee Ngari akauliza.

Korongo lile linashuka hadi kwenye mto wa mchanga. Wakati wa kiangazi mto hukauka, na watu wa chini huchimba kisima mchangani, maji yakachimbuka polepole, baridi na matamu. Waliokunywa pale walikuwa kina Mzee Ireri na majirani zao, basi.

"Mchanga utachuja," akasema Mzee Namu.

"Hata samaki wa Thuci walikuwa na mchanga chini yao," Mzee Ngari akajibu. "Tuibebe kwa madebe hadi juu kilimani."

Halafu Mzee Namu akasema, "Basi bebeni nyinyi wawili kwa vichwa vyenu. Lakini ndama zikiendelea kufa, nitawaambia watu wakaulize kwa nani." Hakusema kwa ubaya. Asubuhi hiyo alikuwa ameburuta ndama wawili waliokufa.

Tulipotoka, Mzee Ngari alinisimamisha. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka tayari miaka ile. "Njiru," akaniambia, "mimi peke yangu siwezi. Nikibeba na wewe, ni wiki nyingi, na mtamba wako sijui. Ukisema hapana, tutafungua mfereji na sitakulaumu mpaka nife. Fikiria, uniambie kesho."

Sikufikiria. Nilishuka moja kwa moja hadi mtoni. Jua lilikuwa linaelekea kutua, na Wambeti alikuwa amepiga magoti kwenye kisima, akingoja maji yapande, kata ya kibuyu mkononi. Nilimweleza yote. Nilimwambia mfereji ukifunguliwa mtamba atapona karibu kwa hakika, na tukibeba kwa madebe karibu kwa hakika atakufa. Nilimwambia pia maneno ya Mzee Namu kwamba mchanga utachuja, na nadhani niliyasema kama mtu anayetaka kuaminiwa.

Alichota kata moja, akaniangalia, akainywa yote. Akachota nyingine akaijaza kwenye mtungi wa mama yake.

"Mtamba ana miezi mingapi?" akauliza.

"Ana mimba changa, bado haijaonekana. Mwezi mmoja, labda miwili."

"Kwa hivyo siku yetu ni karibu."

"Ni karibu sana, Wambeti."

Alichota kata ya mwisho akaijaza mtungini. Kisha akajitwika mtungi, akasimama, akasema, "Beba, Njiru." Akaenda. Hakugeuka, nami sikumwita, kwa sababu ningemwita ningesema maneno ambayo yangetuaibisha sote wawili.

Tukabeba. Jambo la kuchekesha ni kwamba hatukuwa na chombo. Madebe yote tuliyokuwa nayo yalikuwa na matundu, na ni sisi wenyewe tuliotoboa. Siku nzima ya kwanza tulikaa nyuma ya banda tukiziba kwa nta ya nyuki na vitambaa matundu aliyoyatoboa Mzee Ngari miaka mingi, naye akijilaani kwa kazi nzuri aliyofanya. "Kama ningejua ningetoboa kidogo," alisema. Tulicheka mpaka akakohoa.

Shimo tulilichimba juu kabisa ya kilima, kwenye ile muramu, udongo wa changarawe ambao hata nyasi huukataa, mbali na kila njia ya maji. Tulichukua mti begani, debe mbele, debe nyuma. Mzee Ngari alikuwa na sheria zake: usiuache upepo ukupulizie mvuke usoni, usijifute jasho kwa mkono, usile wala kuvuta tumbaku kabla ya sabuni. Baada ya siku chache wanawake wa chini mtoni walipanda na majembe, wakachimba shimo kwa kina. Walitaka kubeba pia, akawakataza wasiguse debe hata moja. Jioni tulikuta maji ya kuoga na kipande cha sabuni kwenye jiwe, na mtu ameshaondoka. Nilijua ni maji ya kisima kipi.

Josho lilipungua kidogo kidogo. Ngazi zikaonekana, kisha kuta, kisha tope jeupe. Na mimi kila jioni nilipitisha vidole chini ya sikio la mtamba wangu, pale ambapo ndigana hujionyesha kwanza. Jioni moja nikakuta tezi, kubwa kama yai la kanga. Wambeti alikuwa upande wa pili. Aliona uso wangu, naye akapapasa, akalikuta la upande wake. Tuliendelea kutoa kupe kana kwamba bado ilikuwa na maana.

Mtamba alikufa mchana, sisi tukiwa tumebakiza dawa ya kufika magotini tu. Dawa mpya ililetwa baada ya hapo, na gari lilipofika nilikuwa bado na udongo wa kaburi lake kwenye viatu.

Msimchukie Mzee Ireri. Mimi nilijaribu nikashindwa. Mvua ilikataa mwaka huo, watoto wake walikuwa wakilia njaa, na mtu mmoja wa upande wa Kiambere, kule kwenye nyasi za kando ya Tana, alikuja na ng'ombe wawili wenye maziwa kumposa Wambeti. Mzee Ireri alipanda hadi kwetu kuniambia mwenyewe, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. "Kijana," akasema, "najua ulichobeba, na najua maji ninayokunywa. Lakini watoto hawali shukrani." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia nimesikia, baba.

Walipita Alhamisi ya kwanza ya dawa mpya, Wambeti na shangazi zake na mizigo, wakielekea Kiambere. Watu walikuwa wamejaa kama zamani, ng'ombe wakilia, uji ukiuzwa. Mzee Ngari alitanguliza ng'ombe wake wa kukoroga. Mimi sikuwa na wa kutanguliza, maana ndigana ilikuwa imemaliza na wale wa mama. Wambeti alisimama kidogo kwenye ukingo wa njia, akatazama josho, akatazama juu kilimani kwenye lile shimo tulilozungushia miiba, kisha akaendelea. Dawa mpya haikunukia mbao. Ilinuka kama kitu kilichoungua, na niliichukia bila kosa lake.

Nilishika kazi miaka mingine mingi. Ile dawa mpya nayo ilibadilishwa, na iliyofuata nayo, na kila mara kulikuwa na mtu aliyeuliza tutakula nini. Mzee Ngari alikufa akitetemeka, hata kikombe cha chai alishikiwa. Ni dawa au ni uzee, hakuna aliyeniambia, nami sitajifanya najua. Nilirithi fimbo yake. Mwishowe josho lilikauka, serikali ikanishukuru, nikaja nyumbani.

Na Wambeti? Miaka michache iliyopita Mzee Ireri aliitwa na Mungu, mzee kabisa. Tulimzika, watu wakala, na joto likawa kali. Nikateremka mtoni kutafuta kivuli. Kisima kilikuwa palepale, kimechimbwa upya kama kila kiangazi, na watoto wa matanga walikuwa wamekizunguka wakinywa na kumwagiana maji. Mama mmoja mwenye mvi alikuwa amekaa kwenye jiwe akiwachunga. Nilimjua kwa namna alivyoziba mdomo kwa leso.

Tulisalimiana kama wazee, tukaulizana watoto na afya. Hakuna zaidi ya hapo, na nyanya yenu alikuwa amesimama juu ya ukingo akiniona vizuri. Kisha Wambeti akamwita msichana mdogo, mjukuu wake, aliyekuwa ameloa hadi kiunoni.

"Mpe guka maji," akamwambia.

Mtoto akachota kata, akaniletea kwa mikono yote miwili. Nikanywa. Yalikuwa baridi, matamu, yakinukia mchanga tu.

"Ulibeba vizuri, Njiru," akasema Wambeti.

Kwa bahati bado nilikuwa na maji mdomoni.